Gia ya Tatu, Kitonga

Nilianza mlima na gia ya tano,
kiburi cha tambarare ya Ruaha Mbuyuni.
Kona ya pili injini ikaguna,
tangi likatetema mapajani
kama mbuzi anayekataa kamba.

Nyuma yangu Tusajigwe
akasema tu: "Inakohoa. Ipe ya tatu."

Klachi. Vidole vya mguu wa kushoto, chini,
chini tena.
Mshale ukaruka hadi elfu tano
na mlio ukanyooka.

Tukalipita lori la mbolea; utingo akatupungia chupa.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa
nimeamini kelele ni udhaifu,
nikapanda kila mlima kimyakimya, nikitetemeka.

Ilula tulishuka kununua nyanya.
Sikusema asante.
Nilimpa ufunguo.