Makadirio ya Giza

Mchana kutwa napiga picha za pasi, Mwananyamala.
Kitambaa cheupe nyuma, kitambaa cha buluu.
"Kidevu juu, mama. Usicheke. Masikio yaonekane."
Nyuso mia mbili kwa wiki, na nyuma yao ukuta.
Ndiyo maana nataka usiku mmoja tu
wa kupiga kisicho na kidevu.

Nimeandika nyuma ya risiti ya duka la dawa:
basi hadi Same, kwenda na kurudi;
kiingilio cha hifadhi, cha mzawa, nisisahau kitambulisho;
hema la kuazima kwa Kiyabo, zipu mbovu, pini mbili;
maji lita ishirini, kwa maana Mkomazi ya Julai
hata nyasi huomba maji kwa ishara;
betri nne, baridi hula betri kama panya,
inang'ata huku inapuliza;
na chini kabisa, kwa herufi ndogo,
tochi ya mwanga mwekundu, usioumiza jicho lililozoea giza,
mbele yake alama ya kuuliza.
Jumla nimeikokotoa mara tatu.
Haikupungua.

Kalenda ya msikiti inaning'inia juu ya jiko.
Nimezungushia duara ishirini na nane,
mwezi umekonda hata hauonekani,
nyota zimeachiwa nyumba
kama watoto ambao mama yao kaenda kilioni.

Elinihaki, askari wa hifadhi, simu yake inakatika:
"Saa nne usiku Nge atakuwa karibu na utosi.
Wa angani huyo. Wa chini
atakuwa ndani ya kiatu chako, kikung'ute."
Na tembo?
"Tembo hana shida na nyota.
Ila usiende kujisaidia peke yako."

Juzi nilifanya mazoezi juu ya paa la zege,
kati ya matangi ya maji na nguo za ndani za wapangaji.
Nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu,
nikafungua jicho lake sekunde ishirini,
nikazuia pumzi.
Mbingu ya Dar ikatoka rangi ya chai ya maziwa
iliyopoa, imeshika utando.
Nyota moja tu, kubwa, nyekundu, upande wa Kijitonyama.
Nikafurahi nusu saa nzima.
Ilikuwa taa ya mnara wa simu.

Niliposhuka baba alikuwa anavaa koti la kazi.
Mwaka wa kumi na tisa analinda ghala Chang'ombe,
usiku kucha chini ya taa isiyozimwa
ambayo kumbikumbi wanaijua kuliko tajiri mwenyewe.
Akaiona risiti mezani. Akaishika mbali na uso,
akaisoma hadi chini.
"Unalipa hela," akasema, "ukaone giza?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu, Kilimia
hutoka mashariki mwezi huo, kabla ya alfajiri,
kama kishada.

Akafunga kifungo kimoja, akakifungua.
"Vile vinyota sita."
Akahesabu kwa vidole, hewani, bila kutazama juu,
juu palikuwa na feni.
"Saba," akajisahihisha. "Nilipokuwa na macho."
Hakusema aliviona wapi, wala alikuwa na nani.
Kamera ilikuwa mezani, lenzi imefunikwa.
Akatoka, akachelewa basi.

Leo asubuhi karudi, ananuka dawa ya mbu.
Juu ya begi langu nimeikuta tochi yake ya lindo,
ile ndefu, yenye mkwaruzo ubavuni.
Kioo chake kimevishwa mfuko mwekundu wa rambo,
wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku,
mikunjo mitatu, na mpira wa kubania noti.

Nikafunga dirisha, nikaiwasha.
Ukuta ukawa na rangi ya ndani ya kope.

"Uirudishe Jumatatu," sauti ikatoka kitandani,
kichwa kimeshafunikwa shuka.
"Nina zamu."