Nimekwepa

Nimempiga Mhina mara tano usiku huu,
na mara tano simu imenijibu: nimekwepa.
Shujaa wake ana mbawa, ana ngao, ana roho saba za paka;
wangu ni mkata mkonge, jicho moja, panga butu,
lakini akikatwa hutoka damu.

Tulikubaliana, Mhina! Mwenye nguvu awe na pengo,
apigaye apigike.
Zamoyoni, mwamuzi wetu wa Chumbageni,
kanyamaza; labda bando limekata.

Asubuhi nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili
kufuata bawaba za mlango.
Mhina kakaa kando ya mtungi wa gesi,
mkono wa kulia bandeji hadi kiwiko:
cheche za juzi.
Anaandika kwa dole gumba la kushoto.
"Leo nakumaliza," akasema, uso hakuinua.

Usiku nikalinoa panga.
Nikalishusha ubavuni mwake taratibu, herufi kwa herufi,
nikangoja.
Vidoti vitatu vikacheza, vikazima, vikacheza tena.
Kisha: limenipata.
Kidogo tu.
Bawa la kulia.