Mengineyo

Ajenda ya kwanza ilikuwa sala. Ya pili, bati.
Bati sitini za geji ishirini na nane,
zimelazwa sakafuni mwa kanisa, bado zanuka kiwanda.
Mtume Elifazi aliyezileta hakuwamo kikaoni,
ila kiti chake tulikiacha wazi
na hakuna aliyekitupia hata kofia.

Mimi ni katibu. Walinichagulia mwandiko.

Tulipokaribia kufunga, Bi Kasiana Nandonde
akanyoosha mkono. Biblia yake
ameifunga kwa mpira wa baiskeli isimwagike kurasa.
Akauliza, bila kupaza sauti:
"Haya maji ya chupa, elfu tano,
ya kunyunyizia mikorosho badala ya salfa,
yameandikwa wapi?"

Padre akatazama bati.
Mwenyekiti akamtazama Padre.
Mzee Hilarius Mchopa akasema sisi tu mwili mmoja,
tusikwaruzane kwa jambo dogo,
mgeni ana lugha yake na sisi tuna yetu,
Mungu ni yuleyule. Tena mvua haingoji.

Nikaandika: *Mengineyo. Swali limepokelewa.
Limeahirishwa kwa ajili ya amani.*
Neno *amani* lilikaa vizuri kwenye mstari.

Juni ikaja Lulindi, mikorosho ikatoa maua,
na ubwiri ukaja nyuma yake kama mdai.
Watu wakanyunyiza. Mama Tekla wa bondeni
alichovya ufagio, mti kwa mti,
akilitaja Jina taratibu
kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

Nami nilinunua chupa tatu, mbele za watu,
nikazipanga dirishani.
Kisha saa kumi na moja alfajiri,
umande ungali majanini,
nikaiwasha pampu niliyokodi Nagaga
nikapuliza salfa.

Sikuwa peke yangu. Ng'ambo ya kichaka
pampu ya Hilarius ilikuwa ikinguruma.
Ya mwenyekiti nayo, niliijua kwa kikohozi chake.
Tulisikiana gizani, wazee wa kanisa,
na hakuna aliyemwamkia mwenzake.
Vumbi la njano likanitua kwenye nyusi.
Katika Kitabu, salfa huitwa kiberiti.

Oktoba, mnada wa kwanza. Mtume akarudi
na gari lenye spika mbili juu.
"Katibu, simama, shuhudia!"
Nikasimama.
Nikasema: Bwana asifiwe.
Nikasema: chupa tatu nilinunua, magunia kumi na manne nimevuna.
Hakuna neno pale ambalo ni la uongo.
Lichukueni moja moja, mlipime.

Mama Tekla, ambaye maua yake yaliungua yote
akaokota debe moja na nusu,
alipiga makofi kuliko wote.
Kisha akajiandikisha chupa nne, za msimu ujao,
kwa deni.
Aliyeliandika deni ni mimi. Ule ule mwandiko.

Sasa ni Desemba na paa halivuji.
Mvua inapiga bati hadi mahubiri hayasikiki,
jambo ambalo, wiki nyingine, nalishukuru.
Bi Kasiana huketi palepale
tulipokuwa tukitega karai.
Hajauliza tena. Hunisalimu, huulizia mgongo wangu.
Afadhali angenitukana.

Kesho kutwa kuna kikao. Nitausoma muhtasari uliopita,
utathibitishwa, utagongwa muhuri,
na mwenyekiti, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo,
atauliza: "Kuna yatokanayo?"

Yapo. Yamekaa benchi la tatu,
yana miaka kumi na mitano,
yamevaa sketi ya shule siku ya Jumapili
kwa sababu Jumatatu hayaivai tena.
Jina lake ni Tekla.

Nimepiga mstari kwa rula. Nimeandika namba.
Nimeandika *Yatokanayo*, nukta mbili.
Mke wangu ameuliza mara mbili kama nazima taa.
Mbele ya zile nukta pameupe,
na vidole vyangu, nimeviosha kwa sabuni ya magadi,
nikavinusa,
nikaviosha tena.