Maili ya Bibi

Nimeikunjua juu ya kaunta ya duka la fotokopi, karibu na Makoroboi.
Kijana anauliza, "Mama, hii ni nguo au karatasi?"
Ni vyote viwili. Ramani ya serikali, Jimbo la Ziwa,
karatasi iliyogandishwa kwenye kitani isife kwa jasho la dereva.
Inchi moja kwa maili nane.
Mstari mwekundu ni barabara ya mwaka mzima:
unaanza bandarini Mwanza, unachoka kabla ya Kisesa.
Vinukta ni "barabara ya kiangazi tu",
na karibu nchi nzima ni vinukta.

Babu yangu Lushinge ndiye aliyesukuma gurudumu.
Gurudumu la baiskeli, inchi ishirini na nane,
kitambaa chekundu kimefungwa kwenye spoku.
Kikipanda mara mia saba na ishirini, maili imekwisha.
Nyuma yake Ford isiyo na milango, ndani Bwana Futi na wino wake;
ilichemka kila kilima, ikanyweshwa kibuyu kama ng'ombe mgonjwa.
Kila mia, Babu alihamisha kokwa ya ukwaju
kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.
Shule hakwenda. Mia aliijua
kwa uzito wake pajani.

Igoma, Kisesa, Magu,
kisha Simiyu, ambako watu ishirini walivusha gari kwa kamba,
maji kifuani, mmoja akapoteza viatu alivyoazima,
na Bwana Futi akaandika neno moja: Kivuko.

Ng'ambo, kwenye mashamba ya pamba,
msichana akainuka na kikapu. "Mwangaluka."
Unajua salamu yetu haina mkato.
Ukiitikia, unaulizwa ukoo; ukitaja ukoo, unaulizwa mvua;
ukifika kwenye mvua, kikapu umeshakipokea.
Gurudumu likaendelea. Kitambaa kikapanda, kikashuka.
Kokwa hazikuhama.

Nilimwuliza uzeeni: hukumwambia Bwana Futi?
"Aliuliza ngapi. Nikasema kumi na moja.
Zilikuwa kumi na mbili.
Akaandika. Wino hauoni haya."

Ikachapwa. Na kwa miaka ishirini
malori ya wabahili waliopima petroli kwa ramani
yalizimika palepale, maili moja kabla ya Nassa,
dereva kashika karatasi, analitukana jua.
Bibi Nyanzobe akawauzia maziwa.
Kisha michembe. Kisha akaleta maksai wawili na mnyororo:
shilingi moja hadi Nassa, mbili ukiwa na matusi.
Watu wakajenga. Pakaitwa Petroli Hakuna,
halafu ulimi ukachoka, pakabaki Hakuna.
Leo kuna Shule ya Msingi Hakuna,
madarasa saba, na lami inapita mlangoni
bila kupunguza mwendo.

Kijana anaigeuza ramani, anainusa.
Bado ina harufu ya grisi, na ya sanduku la Bibi.
"Nikuwekee plastiki? Mashine itanyoosha mikunjo yote."
Hapana. Nakala tu, ya rangi.
Anaiinua kwenye taa.
"Mama, hapa kwenye mkunjo pametoboka. Baada ya mto."
Napajua.
"Kompyuta inaweza kupaziba."
Acha. Ipige hivyohivyo.