Wembe Butu

Alfajiri, mabanda ya Ngong Road,
ukungu bado umelalia uwanja wa mbio.
Napiga goti kwenye maranda, naushika mguu wa mbele:
mayai yamegandia malaika, ya manjano,
madogo kuliko ulezi.
Nayakwangua kwa wembe butu, moja moja,
kama anayehesabu deni la mtu mwingine.

Akijilamba tu, basi.
Funza ataanguliwa ulimini, atateremka,
atajishikiza ukutani mwa tumbo kwa kulabu mbili,
akae humo miezi tisa kama mimba,
halipi kodi, hakupiga hodi.
Kisha hutoka na mavi, akawa nzi.
Daktari Oyugi aliniambia: nzi huyo hana kinywa cha kulia.
Njaa yake yote ameshaila akiwa ndani ya mwenzake.

Jioni nafika Kawangware.
Punda wa Wamuhu, jina lake Mstahiki,
amesimama na mitungi kumi na miwili, mbavu zahesabika.
"Anakula," asema Wamuhu, "ila hanenepi."
Nachuchumaa. Mguu wa mbele. Yale yale, ya manjano.
Seng'enge ya mabanda huzuia watu.

Mfukoni nina bomba la dawa, imebaki robo.
Sikuiba. Niliambiwa nitupe.

Mstahiki anakunja mdomo wa juu, meno yote nje;
hajawahi kuonja tufaha, na dawa hii ina ladha yake.
Wamuhu anacheka,
mara ya kwanza tangu bei ya maji ishuke.
Mimi natafuta wembe.