Siku ya Tano ya Dawa

Nyumba za Pipeline hazijuani na jua.
Nilikuogesha kwenye kiza cha saa nne asubuhi,
kidole kikakwaa tumboni pako:
vijipele, kama mtu amemwaga uwele
akasahau kuufagia.

Kwenye ngozi yetu wekundu haupigi kelele;
kidole huuona kabla ya jicho.
Nikakupandisha hadi paani, Mumo wangu,
nikakufunua katikati ya shuka za watu.
Mgongo, mapaja, hadi nyuma ya masikio,
popote nilipokubusu jana
palikuwa pamechanua.

Siku ya tano ya dawa ya sikio,
ile ya waridi inayonukia peremende,
naitikisa hadi mkono uchoke,
nailaza kwenye sufuria ya maji baridi
kwa kuwa friji ni ya mama mwenye nyumba
naye huitoza shilingi kumi kwa siku.

Nyabuto, akianua nguo, akasema surua.
Dada wa chumba cha pili akasema joto.
Mavyaa akapiga simu kutoka Mwingi:
"Nani alimsifia mtoto?"
Mimi sikusema kitu. Nilihesabu vijiko.
Kile cha Jumanne alikitema,
nikarudia.
Nilirudia mimi, kwa mkono huu.

Kliniki, muuguzi Chelimo alichukua bilauri,
akaibonyeza pajani pako.
Vipele vikafifia chini ya kioo;
alipoiinua vikarejea mahali pao
kama wachuuzi, kanjo wakishapita.
Midomo ilivimba? Alihema kwa shida?
Vilitoka papo hapo, au baada ya siku?
Nikajibu. Nikamwambia na habari ya kijiko.
"Si kijiko," akasema. "Huenda ni dawa.
Huenda ni homa yenyewe inatoka kwa njia yake.
Kwa leo tuisimamishe.
Akivimba uso, usingoje kupambazuke."

Kisha akafungua kitabu chako cha kliniki,
akaandika jina la dawa kwa wino mwekundu,
na mbele yake alama ya kuuliza.

Sasa umelala. Tumbo limeanza kulainika.
Nimekaa na kitabu chini ya taa ya simu,
naitazama ile alama:
imejikunja kama sikio lako,
na nukta yake, pale chini,
kipele kimoja
kilichokataa kwenda.