Chumba cha Shee

Ijumaa, baada ya adhuhuri,
Karisa wa mifugo alipita Majengo kwa miguu,
kipaza sauti begani, karatasi mkononi:
kuku wote ndani, siku ishirini na moja,
asionekane hata mmoja kichochoroni.
Alisoma mara mbili. Ya pili kwa upole,
maana mamake naye afuga, kule Jomvu.

Ndani wapi?
Ua wangu ni hatua tisa kwa tano:
karo, kamba ya nguo, mpapai usiozaa.
Banda ni mbao za masanduku ya chai
na paa la wavu, wazi kwa mbingu
na kwa kila kidondokacho toka mbinguni.

Na kidondokacho ni cha kunguru.
Kunguru, aliyepewa mji huu bila hati wala kodi,
alikaa juu ya bati
akinitazama nikiwashika mmoja mmoja,
kichwa upande, kama karani wa mahakama.
Yeye hakusomewa karatasi.

Nilianza na jogoo, Kuchi, maana ndiye mkali.
Nikamfunika leso macho, akatulia,
moyo wake ukigonga kiganja changu
kama mtu anayebisha na hataki kufunguliwa.
Kisha Kidimu, manyoya wima kama aliyekurupushwa usingizini.
Kisha Kishingo.
Kisha tembe wawili wasio na majina,
kwa sababu hao ni wa kuuza,
na cha kuuza hakipewi jina.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
tulikuwa tukisema.
Haya, mwenyeji naye leo anayo.

Vyumba vyangu ni viwili.
Kimoja nalala.
Kingine ni cha Shee, kimefungwa tangu aende Doha,
mwaka wa sita huu:
kitanda cha chuma, njumu za mpira,
shati la shule lililoandikwa na wenzake siku ya mwisho.
Nilivingirisha godoro. Nikamwaga maranda ya seremala.
Nikauomba ukuta radhi.

Mlangoni beseni la maji ya Jiki,
ndara za ndani, ndara za nje,
hizi zisikanyage pa zile.
Siku ya tatu nilizichanganya,
nikakaa chini nikalia,
wala si kwa ajili ya ndara.

Mwanasha wa jirani aliwatinda wake wote usiku mmoja,
saba,
akatuma pilau mlango kwa mlango.
Sahani yangu ilikaa mezani ikapoa.
Nilikuwa nasikia huku ndani wakichakura saruji,
krr, krr,
wakitafuta mchanga uliokuwapo jana.

Kuchi amepoteza alfajiri.
Huwika nikiwasha taa. Huwika ikipita pikipiki.
Huwika saa nane ya usiku, akajibiwa
na mfungwa mwenziwe mtaa wa pili,
na muadhini wetu, mzee Bwanaheri, asema wanamtania.

Shee alipiga simu Jumapili.
Nikampa mvua, bei ya unga, harusi ya kina Zubeda.
Kuchi akawika.
Kimya.
"Mama, huyo yuko wapi?"
"Uani."
"Sauti ya uani si hiyo. Hiyo ni ya chumbani mwangu,
naijua irudivyo ukutani."

Nikangoja anighadhibikie.
Nikasikia acheka, halafu hacheki tena.
"Sisi kambini walitufungia siku arubaini, mwaka ule wa kwanza.
Watu kumi, chumba kimoja.
Chakula kilikuja, mama. Maji yalikuja.
Dirisha ndilo walilokuwa wamelipaka rangi."

Hakuwahi kuniambia.

Alipokata simu nilikishusha chandarua chake,
nikakichana kwa kisu cha samaki,
nikakipigilia dirishani, msumari kila upana wa kidole,
shomoro asipenye, kunguru asitie mdomo.
Kisha nikafungua mbao.
Mwanga ukaingia umekatika vidogo vidogo,
ukamwagika sakafuni kama mtama.

Kidimu akaudonoa.
Akanitazama.
Akaudonoa tena.